The Martian ya Andy Weir: riwaya ya kunusurika Mirihi inayostahili kusomwa kwa kalamu na karatasi (uzi mrefu)

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya riwaya moja tu, The Martian ya Mmarekani Andy Weir, na ninakusudia tuijadili kwa kirefu kwa sababu imeifanya hesabu yenyewe kuwa chanzo cha taharuki. Anayeisoma akiwa na kalamu na karatasi hufaidi kuliko anayekimbilia mwisho, kwa kuwa karibu kila hatari inayomkabili mhusika mkuu inaweza kupimwa na msomaji kabla mwandishi hajaipima. Kwa heshima ya wasioisoma bado, nitakaa zaidi kwenye nusu ya kwanza, na ninawaomba wachangiaji nao wasifichue mwisho.

Kisa kinaelezeka kwa maneno machache. Wanaanga sita wanatua katika uwanda wa Mirihi uitwao Acidalia Planitia. Siku ya sita tufani ya vumbi inavuma kwa kasi ya kilomita 175 kwa saa, amri ya kuondoka inatolewa, na wakiwa njiani kuelekea chombo cha kupaa, antena iliyong'olewa na upepo inamchoma Mark Watney ubavuni na kumtupa gizani. Vipimo vya vazi lake vinaonesha kwamba amekufa, kwa hiyo wenzake watano wanaondoka. Watney, ambaye ni mtaalamu wa mimea na mhandisi mitambo, anazinduka akiwa peke yake kwenye sayari nzima. Hana mawasiliano na Dunia. Anayo makazi ya turubai yaliyotengenezwa yadumu siku 31, magari mawili, na chakula cha watu sita ambacho kwa mtu mmoja anayejibana kinaweza kufika siku 400 hivi. Safari inayofuata itatua baada ya miaka minne, kilomita 3,200 kutoka alipo.

Daftari lake la hesabu linafunguka kwenye chakula. Katika akiba mna viazi mviringo vibichi 12, vilivyoletwa ili wanaanga wapike wenyewe kwenye Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwezi Novemba. Watney anavikata vipande, kila kipande kikiwa na macho yasiyopungua mawili, na kuvipanda katika udongo wa Mirihi alioujaza ndani ya makazi. Udongo ule hauna uhai, hivyo anauchanganya na kinyesi cha wanaanga pamoja na udongo kidogo wa Dunia uliokuja kwa ajili ya majaribio yake, ili bakteria wauenee. Msomaji aweke kitabu chini hapo na kukokotoa. Kilo moja ya viazi hutoa takribani kalori 770, kwa maana ya kalori zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Mtu anayejinyima hadi kalori 1,500 kwa siku anahitaji kilo mbili kasoro kidogo, na kwa siku 1,000 atahitaji karibu tani mbili. Viazi 12 vinatakiwa vizae tani mbili, ndani ya meta za mraba 126 ambazo anazipata kwa kufukia udongo hata juu ya vitanda na ndani ya mahema ya dharura.

Kutoka chakula tunaingia kwenye maji. Udongo wa kina cha sentimeta 10 juu ya eneo hilo ni meta za ujazo 12.6, na kwa kuwa Watney anakadiria lita 40 za maji kwa kila meta ya ujazo, shamba lote linadai lita 504. Alizonazo ni kama 300, na nyingine lazima abaki nazo za kunywa. Katika chombo kilichowashusha kumebaki mafuta ya haidrazini. Haidrazini ikipitishwa juu ya kichocheo cha iridiamu huvunjika kuwa nitrojeni na hidrojeni, na hidrojeni ikichomwa katika oksijeni hutoa maji. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuihakiki hesabu hiyo: gramu 32 za haidrazini zina gramu 4 za hidrojeni, ambazo zikiungana na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji. Oksijeni anaipata kwa kuivunja kabonidioksaidi, gesi inayofanya takribani asilimia 95 ya hewa ya Mirihi.

Jambo hilo la oksijeni limekwisha kufanyika kweli, tena miaka kadhaa baada ya riwaya kutoka. Gari la NASA liitwalo Perseverance lilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021 likiwa na kifaa kidogo, MOXIE, kilichovuta hewa ya huko na kutoa oksijeni mara 16 hadi mwaka 2023. Jumla ilikuwa gramu 122. Mwanaanga hutumia takribani gramu 840 kwa siku, kwa hiyo jaribio zima lingempa pumzi ya saa tatu na nusu. Kiasi ni kidogo, lakini njia ni ile ile, na mimi binafsi nilisisimka niliposoma habari hiyo nikiwa nimekwisha kuiona kazi ya namna hiyo ikifanywa na mhusika wa kubuni.

Hapo kwenye kutengeneza maji ndipo panapodhihirisha ustadi wa mwandishi. Watney anaichoma hidrojeni kidogo kidogo, na anapogundua kwamba nyingi haikuungua na imetanda ndani ya makazi, anapunguza oksijeni ya chumba ili kusiwe na cha kuiwasha, huku yeye akivuta oksijeni kwa barakoa. Amesahau kitu kimoja: mapafu ya binadamu hayatumii oksijeni yote yanayoivuta, kwa hiyo kila pumzi aliyoitoa ilikuwa inairudisha oksijeni chumbani, na makazi yanalipuka naye akiwa ndani. Mlipuko huu haukuletwa na adui wala na bahati mbaya iliyopachikwa ili sura ichangamke. Umeletwa na kipengele kimoja kilichoachwa nje ya hesabu, na msomaji makini alikuwa na taarifa zote za kukiona kabla ya mhusika. Sifahamu namna iliyo ya haki zaidi ya kumtia msomaji hofu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya mawasiliano. Watney anasafiri kama kilomita 800 kukichimbua Pathfinder, chombo halisi kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na kunyamaza tarehe 27 Septemba mwaka huo huo. Anakifufua, lakini kinachofanya kazi ni kamera yake tu, ambayo wataalamu walioko Dunia wanaweza kuizungusha. Je, watu wa Dunia watamwambiaje neno kwa kuzungusha kamera? Akipanga kadi za herufi 26 na moja ya kiulizo kuizunguka kamera, kila kadi inapata digrii 13 tu, na hataweza kujua kwa hakika kamera inaelekea ipi. Anatumia mfumo wa namba wenye tarakimu 16, ambamo kila herufi ya kompyuta huandikwa kwa tarakimu mbili. Kadi 17, yaani 16 za tarakimu na ile ya kiulizo, zinapata takribani digrii 21 kila moja, na makosa yanakwisha. Jibu la swali lake huchelewa kwa sababu ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika upande mmoja, kutegemea mahali sayari hizi mbili zilipo. Neno fupi kabisa linakuwa kazi ya muda mrefu, na kwa sababu hiyo nililisoma kila neno kwa uzito uleule alioupa yeye.

Kuhusu mwandishi, Weir alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, na riwaya aliitoa kwanza sura baada ya sura kwenye tovuti yake bila malipo. Wasomaji wenye utaalamu walimwandikia kumsahihisha, naye alirekebisha. Mwaka 2011 aliiuza mwenyewe kama kitabu cha kielektroniki kwa senti 99 za dola, na mwaka 2014 ikachapishwa na kampuni kubwa ya vitabu. Filamu yake ilifuata mwaka 2015. Njia za vyombo vya anga katika hadithi alizikokotoa kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Ninaamini kitabu kisingekuwa na uimara huu kama kisingepita kwanza mikononi mwa wasomaji waliokuwa tayari kuhoji kila namba.

Karibuni. Ningependa hasa kuwasikia wanaoona kwamba uhalisia wake umetiwa chumvi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo yaliyopangika. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na nimekipenda kitabu hiki, ila siwezi kuinyamazia ile tufani. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno: mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya ule wa Dunia, na msongamano wake ni takribani gramu 20 kwa meta ya ujazo, ambapo wa kwetu kwenye usawa wa bahari ni kama gramu 1,200. Hiyo ni tofauti ya mara 60. Nguvu ya upepo inalingana na msongamano wa hewa ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Kipeuo cha pili cha 60 ni karibu 7.7, kwa hiyo upepo wa kilomita 175 kwa saa kule Mirihi una msukumo sawa na upepo wa kilomita 23 kwa saa huku kwetu, ambao hupeperusha khanga iliyoanikwa kwenye kamba na usiweze kumwangusha mtu, sembuse kutishia kukiangusha chombo cha kupaa. Isitoshe, pepo zilizowahi kupimwa huko kwa kawaida hazivuki kilomita 100 kwa saa.

Ninalo pia jambo ambalo wasomaji hulisahau, nalo ni mwanga. Watney anakuza viazi kwa taa za ndani, na taa zinakula umeme wa paneli za sola. Mwanga wa Jua unapofika Mirihi una takribani wati 590 kwa meta ya mraba, yaani asilimia 43 tu ya unaofika Dunia. Ukizingatia usiku, mwinamo wa Jua na vumbi, paneli yenye ufanisi wa asilimia 20 haitatoa zaidi ya wastani wa wati 26 hivi kwa kila meta, sawa na yuniti 0.64 za umeme kwa siku. Sasa tuvipe viazi wati 100 tu za taa kwa kila meta kwa saa 12, kiasi ambacho ni kidogo kwa mmea unaotakiwa kuzaa sana: meta 126 zitadai yuniti 151 kwa siku. Hizo ni paneli za zaidi ya meta za mraba 230 kwa ajili ya taa peke yake, kabla hajapasha joto makazi wala kuchaji gari. Huu mwanya nauona mkubwa kuliko wa tufani, maana tufani inapita siku ya sita, na mwanga unahitajika kila siku.

Mleta uzi

Mwalimu, nimekupata barabara, na hesabu ya mwanga uliyoiweka ni mchango ambao uzi huu ulikuwa unauhitaji.

Kuhusu tufani, Weir amesema waziwazi kwamba alijua haiwezekani. Alitaka hadithi ya mtu dhidi ya maumbile, na alitaka maumbile ndiyo yapige pigo la kwanza. Msimamo wangu ni kwamba riwaya ina haki ya kuomba jambo moja mlangoni, mradi ikishaingia ndani isiombe tena kila shujaa anapobanwa. Tufani inamweka Watney kwenye shida, haimtoi. Mwandishi angetumia jambo lisilowezekana kumwokoa, ningekiweka kitabu pembeni. Angalia mfano wa joto la gari: kipasha joto kinakula nusu ya betri, safari ndefu haiwezekani, naye anafukua mtambo wa plutoniamu ambao wanaanga waliuzika mbali na makazi kwa usalama. Mtambo ule unatoa wati 100 za umeme na karibu wati 1,500 za joto, na joto ndilo analolitaka. Uwiano huo unafanana na wa mtambo halisi ulio kwenye Curiosity, gari la NASA lililoko Mirihi, ambao ulipoanza kazi ulitoa takribani wati 110 za umeme kutoka kwenye wati 2,000 za joto. Suluhisho lilikuwa limezikwa mchangani tangu ukurasa wa mwanzo, likiwa na hatari yake, na hakuna fizikia iliyovunjwa ili lipatikane.

Mwanga ni suala jingine, kwa kuwa viazi ndivyo vinavyomweka hai, na hapo nakubali kwamba kitabu kimejikopesha umeme. Angekuwa na paneli za kutosha kwenye orodha ya vifaa, hadithi isingebadilika hata sentensi tano, ndiyo maana inanishangaza kwamba hakulimaliza.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu wakubwa na wadogo. Mimi natoka Njombe, viazi tunavilima, na nimeisoma riwaya hii kwa jicho la shamba. Naomba niseme yaliyonifurahisha kwa upande wangu.

Kukata mbegu kwa macho ni sahihi, na mkulima mwenye mbegu chache hufanya hivyo hivyo, ingawa kipande kilichokatwa kinahitaji kuachwa kidonda kikauke kabla ya kupandwa, la sivyo kinaoza. Udongo wa sentimeta 10 ni mwembamba. Kiazi kinatunga juu ya mbegu kwenye shina lililofukiwa, ndiyo sababu sisi hupandishia udongo mimea inapokua; kisipofunikwa vizuri kinapigwa na mwanga, kinakuwa kijani na kuwa na sumu. Kwa kina kile angelazimika kuwa mwangalifu sana.

Mavuno ndiyo niliyoyapigia hesabu. Tukichukua tani 10 kwa hekta, ambayo si ajabu kwa mkulima mdogo asiye na mbegu bora wala mbolea ya kutosha, hiyo ni kilo moja kwa meta ya mraba, na shamba la Watney linampa kilo 126, chakula cha siku 65 kwa kiwango chake cha kalori 1,500. Tukichukua tani 40 kwa hekta, mavuno ya mashamba yanayotunzwa kwa kila kitu, anapata kilo 504, chakula cha siku 258. Kiazi huchukua miezi mitatu hadi minne kukomaa. Kwa hiyo uhai wake wote uko kati ya namba hizo mbili: akilima kama wengi wetu anakufa, akilima kama bingwa anaishi na ziada.

Yeye, hata hivyo, ana faida ambayo hakuna mkulima wa Dunia aliye nayo. Hana ukungu wa majani, hana mnyauko bakteria, hana wadudu. Adui hao wote wa kiazi ni viumbe hai, na Mirihi haina kiumbe hai kinachojulikana. Ireland ilipigwa na njaa kubwa kuanzia mwaka 1845 kwa sababu watu walitegemea zao moja lililoingiliwa na ukungu. Watney analima zao moja kwa kiwango cha kutisha zaidi na ukungu haupo. Kwa mkulima, alichofanya mwandishi baadaye kina mantiki ya kuumiza sana: zao halikuuawa na ugonjwa, liliuawa na turubai kupasuka, hewa kutoka na baridi kuingia. Nilifunga kitabu kwa muda pale. Anayejua kazi iliyomo katika ekari moja ya viazi ataelewa.

Mchangiaji wa tatu

Kaka mleta uzi, na wewe mkulima wetu wa Njombe, hongereni. Mimi nina pingamizi ambalo hesabu haziligusi. Watney ni mchangamfu kupita kiasi. Mtu ameachwa na wenzake, wazazi wake wamekwisha kuambiwa kwamba amekufa, hajasikia sauti ya mtu kwa miezi, na shajara yake imejaa utani. Kitabu kinachodai uhalisia wa kikemia kilipaswa kudai pia uhalisia wa nafsi. Kati ya Juni 2010 na Novemba 2011 wanaume sita walifungiwa jengo moja jijini Moscow kwa siku 520 ili kuiga safari ya Mirihi, na watafiti waliona usingizi wa baadhi yao ukivurugika na mwenendo wao ukizorota, ilhali walikuwa sita, wakijua kwamba nje ya ukuta kuna mji. Huyu yuko peke yake kwelikweli. Nilimwamini mhandisi, sikumwamini mtu.

Mleta uzi

Dada yangu, pingamizi lako ni zito kuliko la tufani, na silikatai lote. Nitalijibu kwa upande wa umbo la riwaya. Sehemu kubwa tunayoisoma ni shajara ya kikazi ambayo Watney anaiandika akijua kwamba itasomwa na watakaokuta mwili wake. Mtu anayeandika kwa msomaji wa namna hiyo huchagua atakachokionesha. Kuna siku anazozipita bila kuandika kitu, na kuna sehemu ambamo mwandishi anaiacha shajara na kusimulia kutoka nje, hapo tunamwona akiwa na hofu ambayo hajaiandika. Mimi niliisoma shajara ile kama nidhamu ya mtu anayejua kwamba akiiruhusu akili yake ikae kwenye upweke kwa saa nzima, atakosea kufunga kizibo cha hewa.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba nidhamu ile ingetusadikisha zaidi kama ingevunjika mbele yetu mara moja au mbili zaidi. Baada ya zao kufa, kurasa za kukata tamaa ni chache mno kwa tukio la ukubwa ule. Huko Weir aliharakisha kurejea kwenye anachokimudu.

Mchangiaji wa nne

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Malindi, na nimeipata riwaya hii kwa rafiki. Nina maswali matatu. Kwanza, nimesoma kwamba udongo wa Mirihi una sumu. Je, viazi vile vingelika? Pili, mionzi ya anga isingemuua kabla ya njaa? Tatu, chombo kikubwa kinachowarudisha wenzake kinasemekana kuwa na msukumo hafifu sana. Kinawezaje basi kusafiri kati ya sayari?

Mleta uzi

Marahaba, na karibu sana. Nitayajibu kwa mpangilio uliouuliza.

Sumu unayoitaja ni chumvi za pakloreti, ambazo chombo cha Phoenix kilizigundua kwenye udongo wa kaskazini mwa Mirihi mwaka 2008, na tafiti za baadaye zikazikuta sehemu nyingine. Huizuia tezi ya shingo kutumia madini ya joto. Riwaya haizitaji. Kwa bahati huyeyuka kwa urahisi katika maji, kwa hiyo udongo unaweza kuoshwa kabla ya kupandwa, ila hilo lingeongeza deni la maji ambalo tayari lilimlipua. Ningefurahi kuisoma sura hiyo kama ingeandikwa, maana ingekuwa na ugumu wa aina ileile inayokipa kitabu uhai.

Mionzi isingemuua haraka. Gari la Curiosity limepima juu ya uso wa Mirihi takribani milisiveti 0.67 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa siku. Kwa siku 500 hiyo ni kama milisiveti 335, na ukomo ambao NASA imeuweka kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Ukiongeza safari ya kwenda na kurudi, ambako kipimo ni karibu mara tatu ya hicho kwa kila siku, ukomo ungevukwa na uwezekano wa kupata saratani miaka ya mbele ungepanda. Riwaya inaipa turubai ya makazi uwezo wa kuzuia mionzi, na kitambaa chembamba cha namna hiyo hakipo.

Swali lako la tatu ndilo zuri kuliko yote. Chombo kinaitwa Hermes, kinaendeshwa kwa injini ya ayoni, inayosukuma kwa kurusha nyuma chembe zenye chaji ya umeme, na mchapuko wake ni milimeta 2 tu kwa sekunde kwa sekunde. Ukisimama ndani yake ungeuhisi kwa shida. Lakini injini ya kawaida ya roketi huwaka kwa dakika na kuzimika, na hii haizimwi. Zidisha 0.002 kwa sekunde 86,400 za siku moja, utapata meta 173 kwa sekunde. Baada ya siku 30 ni zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde. Injini za aina hiyo zipo: chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, kilitumia ayoni kufika Vesta na kisha Ceres, magimba mawili yaliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, ingawa chake kilikuwa na msukumo mdogo zaidi. Ukijua hilo utaelewa kwa nini Hermes haiwezi kusimama ghafla na kugeuza, na kwa nini mjadala wa NASA kuhusu njia ya kupita karibu na Dunia ili kuongezewa kasi na mvutano wake unasomeka kama mjadala wa kufa na kupona. Sitaendelea zaidi ya hapo ili nisivunje ahadi yangu ya juu.

Na kwa kuwa uko Malindi, nakuongezea jambo. Chombo cha kupaa cha safari inayofuata, ambacho Watney lazima akifikie, kiko kwenye kreta ya Schiaparelli, karibu digrii 3 kusini mwa ikweta ya Mirihi. Jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililo baharini hapo jirani kwenu nalo liko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta ya Dunia, na ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Kurusha karibu na ikweta kuna faida, kwa kuwa sayari yenyewe inakupa kasi ya mzunguko wake: hapo kwenu ni takribani kilomita 1,670 kwa saa, na kwenye ikweta ya Mirihi ni kama 865. Ukifika kwenye sura za Schiaparelli, chukua hiyo 865, uibadilishe kuwa meta kwa sekunde, kisha uilinganishe na kasi ambayo chombo cha Watney kinatakiwa kuifikia ili kukutana na Hermes. Ukishapata jibu liweke hapa, Mwalimu atatusaidia kulihakiki.